Alichokiacha Mama Chuoni

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Mimi nakula, nalala, nashona; mengine yasome taratibu, ukiwa umekaa.

Uliniuliza kwenye simu kama ile kliniki aliyotibiwa Mama pale chuo kikuu bado ipo. Haipo. Serikali imefuta fungu la utafiti. Daktari Miwani wa pale kliniki alinikuta kibandani nikishona sare za shule, akaniambia wameamriwa kukabidhi vyumba. Nilikwenda kumsaidia kufungasha. Viti vya wagonjwa vimerundikwa koridoni, na mlangoni wamebandika tangazo kwamba watu waende hospitali ya kawaida. Huko hospitali ya kawaida, kaka, ndiko walikomwambia Mama apunguze pombe. Mama, ambaye hata soda ilimpa kizunguzungu.

Unakumbuka tulikotoka. Babu alikufa akijirusharusha kitandani, watu wakasema karogwa. Mjomba akafuata, wakasema laana. Mama alipoanza kuangusha vikombe na kuyumba njiani, majirani walikuwa na jibu tayari. Daktari Miwani ndiye aliyekaa naye akamsikiliza, akampima, kisha akatueleza kuwa ni ugonjwa, unapita kwenye damu, na hauchagui mwema wala mbaya. Mama alilia kwa kupata ahueni ya moyo. Daktari alisema hakuna kampuni ya dawa itakayohangaika na familia chache zisizo na kitu. Kazi hiyo ni ya chuo na kodi za wananchi, vinginevyo haina mwenyewe.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Siku ya mazishi ulifika umechoka na safari, ukataka kumwona Mama, nami nikakataa jeneza lifunguliwe. Ulinikasirikia, na ulikuwa na haki. Kaka, ubongo wa Mama tuliuacha chuoni, kwenye jokofu lao, kwa ridhaa yake mwenyewe. Wakati ulimi wake bado unamtii alinishika mkono akasema, “Ugonjwa nimewarithisha bila kujua. Acha niwarithishe na dawa yake, hii nikijua.” Akanikataza kukuambia, maana alijua ungezuia.

Majokofu yamezimwa yote isipokuwa moja. Sisi ndugu wa wagonjwa tulikwenda kwa mkuu wa chuo, tukakaa sakafuni mlangoni pake hadi akatoka. Alituachia hilo moja tu, likaunganishwa umeme wa jengo la jirani. Ubongo wa ndugu za wenzetu wengi umeharibika, ukachomwa. Mama amebaki, lakini hana wa kumchunguza. Daktari Miwani amepata kazi ng'ambo. Aliniaga akitazama viatu vyake, kama mtu aliyeleta msiba.

Na mkono wangu wa kushoto umeanza. Kitambaa kinanitoroka chini ya sindano, wateja wanadhani nina haraka. Daktari alinipima kabla hajafunga: ninao. Wewe huenda unao, huenda huna, nusu kwa nusu. Na kama unao, watoto nao vivyo hivyo. Kapime huko uliko, kama huko bado kuna mahali.

Wifi mweleze mwenyewe, kwa upole. Watoto wabusu tu, usiwaambie kitu kwanza.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda,
Fundi