Neno Ulilotuachia Limefungwa

Kaka Jillo,

Leo kompyuta yako imewaka. Nakuandikia nikiwa bado na hasira.

Homa ilikulaza siku tatu, na siku mbili kati ya hizo ulikuwa unaongea vizuri. Uliuliza kama kuku wamelishwa. Uliuliza nani amechukua panga lako. Neno la siri la kuwashia mashine hukulitaja. Uliliweka ili mtu asije akasogeza mpaka wa mwenzake, sawa. Lakini orodha yote ya mashamba ya Golbanti niliichapa mimi, mstari kwa mstari, wazee wakitutajia mipaka. Na bado kila asubuhi uliniambia, "Geuka, mdogo wangu," nami nikatazama ukuta mpaka umalize kuliandika. Sikuchungulia hata mara moja. Mjinga mimi.

Tulipokwisha kukuzika mto ukafurika, ukahama, ukang'oa miti ya mipaka. Karatasi walizokuwa nazo wazee zikaoza. Wakaja hapa Garsen kutaka orodha. Niliposema sijui neno, Mzee Buya akacheka mbele ya watu: "Dada wa Jillo hajui? Au shamba langu mmeshajipimia?" Nilijaribu jina la mama, majina ya wanao, hata la yule ng'ombe uliyemnunua kwa Waorma. Mashine ikakataa. Kaka, nimeitwa mwizi miezi minne.

Fundi kutoka Malindi ndiye aliyetoa betri ndogo ya ndani, akaiacha nje mpaka mashine ikasahau neno lako. Ikasahau na diski yenye orodha pia, isiitambue mpaka iandikiwe namba zake. Lakini namba hizo ulikuwa umezibandika ndani ya kifuniko cha mashine, kwa mwandiko wako mzuri, fundi yeyote azione. Fundi yeyote! Mimi, hapana.

Akaiwasha kwa spidi ya juu. "Mbona mlikuwa mnaiendesha kama kobe?" Nikamwambia kwa spidi hiyo joto la hapa hailiwezi. Hakusikia. Ilipoganda mara ya pili nikabonyeza mwenyewe kile kitufe cha mbele, ikapunguza mwendo, orodha ikafunguka.

Nimewasomea wazee yote. Mzee Buya alipokea karatasi yake, akaikunja, akaondoka bila kuniangalia. Shamba la mama nalo nimelisoma, ingawa sasa liko chini ya mto.

Nakala za Golbanti nitazipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kukusamehe, bado. Nitajaribu kabla mpunga haujavunwa, hilo nakuahidi. Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako,
Rehema