Tone Moja la Bwana Najua

Nyumbani kwa marehemu Baba,
Chumba cha studio,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo? Kifua kimekuacha, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi tu wazima, ila mguu wangu unauma nikisimama sana, na ila Shangazi, ambaye nitamfikia.

Uliomba picha yake. Bahasha hii ina picha, lakini usiifurahie kabla hujasoma.

Shangazi alifurahi mpaka akaimba. Akatoa sharti moja: apigwe kwa kamera ya Baba, kaka yake, akiwa kwenye kiti kile kile cha studio. Simu hataki, anasema simu inampiga picha kila mpita njia. Nikaitoa kamera kabatini. Kile kipazia cha vibati vyembamba ndani ya lenzi, kinachofunguka na kujifunga upesi ili mwanga upite, kilikuwa kinafunguka halafu kinasinzia.

Hapo akajitokeza mume wa dada yetu, Bwana Najua. Jina tulimpa sisi, naye mpaka leo anadhani ni sifa. Si unawajua kwao? Mama yake fundi cherehani, na kila ugonjwa kwao dawa yake ni mafuta ya cherehani. Mlango ukilia, mafuta. Baiskeli ikikwama, mafuta. Nadhani hata mtoto akikohoa.

Nikamweleza taratibu, kama ninayemweleza mtoto wa chekechea, kwamba vibati vile hutaka ukavu, vikipata mafuta vinagandana. Akanicheka. Eti chuma kitakwendaje bila mafuta, shemeji? Nikamwacha aendelee kuhubiri, nami nikavisafisha kwa pamba na spiriti mpaka nikasikia mlio mkavu aliokuwa akiupenda Baba. Nikajaribu kwa kumpiga yeye picha moja. Mdomo ulikuwa wazi, kama kawaida yake.

Kisha nikaenda kumvika Shangazi gauni lake la buluu. Kamera nikaiacha mezani. Na yule bwana nikamwacha hapo hapo.

Laiti ungemwona Shangazi kitini! Aliitazama lenzi akazungumza nawe kana kwamba umesimama mbele yake, akakuuliza kama umekula. Nilipiga mpaka filamu ikaisha, na ndiyo ya mwisho niliyokuwa nayo. Muuza duka nilipomwomba nyingine alidhani namtania.

Zilipotoka kusafishwa, zote za Shangazi zilikuwa nyeupe tupu. Nikaifungua lenzi. Vibati vimelowa mafuta chepechepe, vimegandana vikiwa wazi! Nikamwuliza Najua, wala hakuona haya: “Niliongeza tone moja tu, shemeji, ili ikimbie.” Tone moja! Sikio la kufa halisikii dawa. Na sasa anawatangazia majirani kwamba filamu ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo picha iliyomo humu ni yake. Ndiyo pekee iliyotoka, na imetoka safi sana. Kama huko kwenu kuna panya, ibandike ukutani.

Shangazi naye tangu siku ile miguu imegoma. Hafiki tena hata studio, analishwa kitandani, na daktari akiulizwa anatazama viatu vyake.

Na wewe usicheke sana. Bwana Najua ana upumbavu wake, nawe una wako. Shangazi, mama aliyekulea, anaomba kukuona kila mwaka, wewe unaomba picha! Nilipomwambia zimeharibika nilidhani atalia. Hakulia. Alisema, basi vizuri, sasa itabidi aje anitazame kwa macho yake. Ameniamuru nisilikunje lile gauni la buluu. Limetundikwa mlangoni, analitazama.

Msalimie mkeo na mapacha. Dada anakusalimu. Mumewe pia, na amesema ukija na kamera yako ataitazama. Njoo bila kamera.

Mungu akufungulie njia, na akuwahishe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia.