Nimempokea Alfonsi

Buhare, Musoma
14 Agosti 1993

Kaka Kasmiri,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, ila miguu inamsumbua mama. Mihogo imeota vizuri, na paa la jikoni bado linavuja.

Nakuandikia habari za mdogo wetu Alfonsi. Tangu aache ualimu alikuwa akilala stendi ya Bunda, akinywa gongo na kuongea peke yake. Nesi mmoja, Pelagia, alimfuata palepale miezi mitatu akimpelekea uji, hadi akakubali kulazwa. Siku hizi anakunywaga dawa, na amenenepa kidogo. Jumanne nilimkuta wodini akifua mashati ya wagonjwa wenzake.

Akaniuliza, "Dada, Kaka Kasmiri bado ananiogopa?"

Nikamwambia uko safarini. Nimechoka kukusemea uongo.

Pelagia akaniambia kitanda kinahitajika, na asiyepokelewa na ndugu anarudi stendi. "Ursula, nani atampokea?"

Nilikufikiria wewe, kaka. Nyumba ni yako, na ulishasema hakanyagi tena hapa tangu siku ile alipokupiga. Miaka minne nimekutii, nikipita stendi kama simjui.

Kaka, nimesaini. Tangu jana analala chumbani kwako. Mama alimshika mkono mpaka akasinzia, na leo asubuhi wamekunywa chai pamoja. Ukija kumtoa, utatutoa wote watatu.

Mdogo wako,
Ursula