Mfereji wa Shemeji

Alhamisi, Kitendaguro

Na leo maji yameingia tena chumbani kwa mtoto. Hongera kwa shemeji yangu injinia, mgeni wetu, aliyeshinda wiki nzima akiiagiza kompyuta ijaribu umbo baada ya umbo la mfereji mpaka ipate linalopitisha maji vizuri kuliko yote, nasi tukauchimba hivyo hivyo nyuma ya nyumba.

“Shemeji, hesabu haziongopi,” alisema, akinywa chai yangu.

Haziongopi, ila hakuziambia kwamba kibanjani tunatandaza nyasi chini ya migomba. Mvua imezisomba zote, zikaziba ile kona nyembamba ya mfereji aliyoisifu.

Kifua cha mtoto kinanitisha. Nimemlaza kwenye godoro la shemeji. Injinia nimemwachia la mtoto lililolowa, achunguze vizuri maji yanavyopita. Jembe nimemwekea mlangoni.