Leso Yako Imeingia Wodini

Eldoret, Juni 1947

Mke wangu, Mama Nanzala,

Mimi ni mzima, ila tumbo linalia likikumbuka mkono wako. Mvua imenyesha mpaka Soy, na mahindi ya wazungu yamesimama kama askari.

Sasa kaa chini. Ile leso ya maua mekundu uliyonipa nijifunike, nimeikata vipande. Usinune kwanza. Murunga, tuliyekuwa tukihudumia naye wagonjwa wa kifua kikuu, sasa amelazwa katika wodi ileile, anakohoa damu. Daktari akiingia huko hufunika pua na mdomo kwa kitambaa. Sisi tunaomwaga makohozi tuliambiwa vitambaa havitoshi. Basi nikashona vyetu, na kila jioni tunavichemsha.

Msimamizi aliponiona alicheka. "Wepukhulu, umekuwa bibi harusi?"

"Ndiyo, Bwana. Kwa uzee huu, nani angenioa nikiwa uso wazi?"

Kicheko kikamwisha. Akasema tunawatisha wagonjwa, na atakayeingia kesho na maua usoni afunge mizigo yake. Chelimo, mwenzetu wa zamu, akamjibu, "Basi tafuta wa kumwaga makohozi, Bwana, maana tutaondoka sote."

Kesho naingia na maua yangu. Ukiniona nyumbani Jumamosi na sanduku kichwani, nipikie tu, usiulize kitu. Usiponiona, ujue tumeshinda, na unitumie leso nyingine. Murunga naye anataka kipande.

Ni mimi, bibi harusi wako mzee,
Wepukhulu