Mkate wa Normat Ukutani

Marghilan, Novemba 2005

Mdogo wangu Oydin,

Salamu nyingi. Natumaini maumivu ya miguu yamepungua na wajukuu hawajambo. Mimi nimekuficha hali yangu tangu kiangazi: koo limeziba. Kwanza nyama haikupita, kisha wali, sasa hata chai inarudi. Nakuandikia kutoka hospitalini, na naogopa.

Daktari Hikmat anasema uvimbe hautolewi tena. Kesho asubuhi atanitoboa tumbo aingize mpira, niwe nikilishwa uji na mchuzi kwa huo siku zote nilizobakiza. Nilimuuliza kama nitaonja chochote. Akajibu, "Mwalimu, shibe utaipata. Ladha siwezi kukuahidi." Jirani yangu wa kitanda, Tursun fundi viatu, ameshawekewa mpira wake. Ananitania: "Unatetemeka nini, mzee? Mimi sasa nakula supu ya mke wangu bila kulalamikia chumvi. Ndoa imepona!" Nilicheka, lakini karatasi ya kukubali upasuaji bado sijaitia sahihi.

Siogopi kisu. Siku ya kuondoka nyumbani, mke wa mwanangu, Zebo, alinishikia mkate mlangoni: "Ng'ata, baba, ukirudi uumalizie." Nikang'ata. Tonge halikupita. Nililitema kwenye leso ndani ya gari, asione. Mkate wenyewe ameutundika ukutani, palepale ulipotundikwa wa kaka yetu Normat alipokwenda vitani, umngoje arudi.

Unaukumbuka. Ulikuwa na miaka mitano, mimi tisa. Katika baridi ile ya njaa mkate ukatoweka, na asubuhi makombo yakaonekana kwenye gauni lako. Mama alikupiga. Ulilia, "Si mimi, Mama, haki ya Mungu!" Wiki ya tatu ikaja karatasi ya kifo cha Normat, na tangu hapo Mama hakupokea tena mkate mkononi mwako, mpaka tukamzika. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tanuri, kimya.

Nikiifunga barua hii nitatia sahihi ile karatasi. Nikirudi, niletee mkate uliouoka mwenyewe. Sitaweza kuumeza, nitaunusa tu, kama utakubali kunishikia.

Wasalimie wajukuu wote, na uwabusu wadogo kwa niaba yangu.

Ni mimi kaka yako Ergash, niliyeula mkate wa Normat, nikakukung'utia makombo ukiwa umelala.