Mzinga Alioupaka Rangi Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mkwe wangu kashika msumeno leo! Tangu tumzike binti yangu, mtu huyu kazi yake kutazama ukuta. Leo kaingia bandani, kachagua mbao, kaanza kuunda mzinga. Nyuki ilikuwa shughuli yangu na marehemu. Shule sikuiona, herufi kanifundisha yeye, kwa mkaa, juu ya mfuniko wa mzinga.

Ubao wa kwanza ulikwenda upande. Nikamwambia mkwe: humu hata kuku hatalala. Akacheka. Kidogo tu, puani — lakini kacheka! Nikatoka haraka asinione uso.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kutoka kliniki kutibu mguu, nakuta mzinga tayari. Umepakwa rangi! Nje NA ndani. Si fundi rangi huyu? Kapiga mikono mitatu, rangi juu ya rangi, unang'aa kama sahani. Bluu — ile iliyobaki walipopaka chumba chao.

Ndani hapapakwi, jamani! Nyuki anataka harufu ya mbao na nta.

Mjukuu wangu anarukaruka: Bibi, nyumba ya nyuki wa mama! Baba yake kasimama, anangoja niseme. Nikasema, pazuri.

Jumapili, 16 Machi

Nimesafisha mizinga ya zamani. Mmoja nondo wametafuna masega. Nimekwangua, nikapigilia ubao mpya chini.

Mkwe kutwa mbele ya ule wa bluu. Nyuki mmoja kachungulia, kageuza.

Akasema: hata wao hawanitaki. Halafu — Mama, mvua ikianza hawajaingia, namchukua mtoto tukakae kwa kaka yangu. Nyumba hii imenikataa.

Nikamwambia acha upuuzi. Basi! Mimi ninayewatoa watu jasho kwa maneno, neno moja limenishinda. Rangi.

Jumatano, 19 Machi

Mawingu. Mjukuu — mke mwenzangu huyo, ndivyo tunavyotaniana — kauliza kwa baba mkubwa kuna nyuki? Nikasema kuna mama mkubwa, naye anauma zaidi. Hakucheka. Kalala pajani kwangu na viatu vyake.

Mama yake nimemzika. Huyu simtoi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesema. Kavukavu, mlangoni. Baba, hawakukimbii wewe. Wanakimbia rangi ya ndani. Niliona siku ileile.

Akanitazama. Wiki mbili nakaa pale kama zuzu, Mama, na wewe unajua?

Nikamwambia: ndiyo. Ulikuwa umecheka. Niliogopa kukuzima.

Kaingia chumbani. Nikasikia kabati, vitu vinavutwa. Nikajua anafunga mizigo. Katoka na kisu chake cha kukwangulia rangi, kanipita kama anapita nguzo.

Sasa yuko barazani, mzinga katikati ya magoti. Kwaru, kwaru. Mtoto anapuliza vumbi la bluu. Mvua imeanza, matone makubwa.

Nta iko jikoni hapa kando yangu, inalainika, ya kupaka ndani. Nimeita: baba, nta tayari!

Kukwangua kumesimama. Nasikia hatua zake zinakuja jikoni.